Mistari Mitatu ya Upindo

Gauni lilifika ndani ya bati la biskuti, limeviringishwa kwenye shuka kuukuu, na bibi aliyelileta hakutaka kumkabidhi mtu yeyote ila fundi. Mwongozaji wa filamu alinyoosha mikono miwili kwa adabu zote, ikabaki hewani. Mama Mavazi, msimamizi wa nguo zote za filamu, akapitwa kama nguzo. Bibi aliuliza mara moja tu fundi ni nani, na wote wakamwonyesha msichana mwembamba aliyepiga magoti sakafuni, pini zimemjaa mdomoni.

Walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa umbo lake pia. Alitema pini kiganjani, akasimama, akaamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi alisema, akamwekea bati mikononi. "Hili ni la mama yangu. Liangalie vizuri kabla hujalifanya lolote."

Sindano aliahidi kwa moyo mweupe. Alidhani ni onyo la kawaida, lile ambalo kila mwenye nguo yake anampa fundi anapoogopa mkasi.

Hakukuwa na mtu ndani ya ghala lile la kushonea asiyekijua kitabu kilichozaa filamu hii. Kilisimulia mapenzi ya binti wa miaka ishirini na ofisa wa serikali ya kikoloni: walivyokutana barazani kwa ofisa, alivyomfundisha kusoma, walivyojificha na macho ya watu, hata ofisa akaitwa kwao, akaondoka analia kwenye dirisha la treni, na binti akabaki na mimba na gauni jeupe la zawadi. Kilisomwa shuleni. Wachumba waliiba maneno yake wakayatia kwenye barua zao. Sindano alikisoma akiwa kidato cha pili, akakificha chini ya dawati wakati wa hesabu, akalia mpaka mwalimu akampeleka zahanati. Nakala yake ilikuwa haina jalada tena. Alipoitwa kushona kwenye filamu hii aliacha kazi ya uhakika kwenye kiwanda cha sare, na mama yake mzazi alipomuuliza kama ana akili timamu, alijibu kwamba kazi kama hii haiji mara mbili.

Na bibi huyu wa bati ndiye ile mimba. Sasa alikuwa na miaka themanini na kitu, anatembea kwa mkongojo, na Sindano alimtazama jinsi mtu anavyotazama ukurasa wa mwisho uliosimama ukaanza kupumua.

Mwongozaji alitaka gauni lenyewe livaliwe kwenye tukio la kituo cha treni. Nakala nne zingeshonwa kwa matukio mengine, ila pale watu waone uzi wenyewe uliogusa mwili wa mpenzi yule. Kwa hiyo Sindano alilitandaza mezani siku ile ile na kupima, huku akiandika kwenye daftari lake. Alikuwa na desturi hiyo tangu kiwandani: haigusi nguo ya mtu kabla hajaiandika yote, mshono kwa mshono. Kifua inchi ishirini na saba. Bega kwa bega, kumi na mbili.

"Hili halimwingii mwigizaji wetu hata akafunga mwezi mzima," alisema.

Mama Mavazi alisogea akaangalia namba, akacheka. "Pamba ya zamani hiyo, imefuliwa ikasinyaa. Au watu wa zamani walikuwa wanashiba hewa."

Walicheka wote wawili. Sindano akageuza upindo, na hapo akaona mistari mitatu ya rangi ya chai iliyokolea, imezunguka sketi, mmoja juu ya mwingine, na matundu madogo ya sindano kando yake. Fundi yeyote anaijua alama hiyo. Gauni limekunjwa chini, likafumuliwa, likashushwa, likakunjwa tena, na uchafu wa miaka ukabaki kwenye kila mkunjo. Aliandika: *Upindo umeshushwa mara tatu. Inchi mbili, mbili na nusu, moja na nusu. Mistari mitatu, kuondoa.*

Kisha akaiondoa. Siku mbili nzima alilowesha gauni kwenye maji ya uvuguvugu, akapaka siki kwenye mistari kwa kitambaa laini, akapitisha pasi juu ya leso yenye unyevu, akarudia, akarudia. Hakutumia dawa kali hata tone. Matundu yalijifunga, rangi ya chai ikafifia, na alasiri ya siku ya pili sketi ilikuwa nyeupe tupu kutoka kiunoni hadi chini. Mama Mavazi, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alisema hajawahi kuona mkono kama ule. Sindano alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Wiki iliyofuata bibi aliletwa na mjukuu wake kuliona gauni kabla ya kamera kuwashwa. Walimketisha kwenye kiti cha mwigizaji, wakamletea chai. Sindano akalitoa gauni kwenye mfuko wake na kumwekea mapajani kwa mikono yote miwili, anatabasamu hadi mashavu yanauma.

Bibi hakulitazama kifua wala mikono. Aligeuza upindo. Akapitisha kidole gumba mzunguko mzima, polepole, akafika alipoanzia, akaanza tena.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini, bibi?"

"Mistari."

Sindano alieleza. Siki, leso, pasi ya moto mdogo. Alieleza kwa furaha mwanzoni, halafu sauti ikaanza kumpungukia njiani, kwa sababu bibi alikuwa hamwangalii tena.

"Ulihesabu ilikuwa mingapi?"

"Mitatu."

"Fundi mzima. Ukahesabu mitatu, na hukujiuliza mtu gani anashushiwa upindo mara tatu ndani ya gauni moja?"

Mama Mavazi, aliyekuwa akipanga vifungo mezani, alisimama mkono juu ya kopo. Yeye alikuwa mama wa watoto wanne. Alielewa kabla ya Sindano, na Sindano aliona uso wake, ndipo akaelewa. Mtu mzima hashushiwi upindo. Anayeshushiwa ni anayekua.

Bibi alizungumza bila kupandisha sauti. Mama yake alipelekwa kwenye nyumba ya ofisa kufua na kupiga pasi akiwa na miaka kumi na mmoja, na gauni alipewa siku ya kwanza, limekunjwa chini kwa ajili ya kukulia. Kila mwaka alishusha mkunjo mmoja. Utotoni mwake bibi aliwekewa kidole chake juu ya mistari ile, mmoja baada ya mwingine, na wakati ule mama yake hakuwa anasema kitu zaidi ya kuhesabu; mengine alimweleza alipokua. Mapenzi hayakutajwa katika nyumba yao hata siku moja. Treni haikuwepo pia. Ofisa alihamishwa, mpishi wake akawafungulia mama na mwanawe lango la nyuma.

"Mimi nilizaliwa mstari wa tatu," alisema.

Sindano alimuuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Nilisema mara moja. Mwandishi alikuja na kalamu yake, nikamweleza yote. Alilia, yule baba. Nikadhani ameelewa." Alinywa chai, akakirudisha kikombe pale pale kilipotoka. "Kitabu kilipotoka, watu walioniita mtoto wa jikoni wakaanza kuniita mtoto wa mapenzi. Nilikuwa msichana, nataka kuolewa. Ilikuwa tamu, nikainyamazia. Sasa mdomo wa kusema mara ya pili sina. Nikasema basi, gauni litasema lenyewe. Likimfikia fundi, fundi ataliona."

Sindano hakujua aweke wapi mikono yake. Aliona kama ilikuwa bado inanukia siki.

Jioni ile alimwendea mwongozaji na daftari. Hakuwa mtu mbaya, mwongozaji. Alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi, na alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kama kuna cha kuonyesha. Gauni lililetwa, likatandazwa chini ya taa ya kupigia picha. Jeupe, laini, halina doa. Akaomba daftari, akasoma mstari kwa kidole.

"Umeandika mwenyewe hapa: kuondoa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilicho nacho ni neno la mzee aliyenyamaza miaka sitini, na namba zako."

"Na vipimo vya kifua. Ni vya mtoto."

"Niliambiwa limesinyaa." Alimgeukia Mama Mavazi. "Si mlisema limesinyaa?"

Mama Mavazi alitazama sakafu, akasema ndiyo, walisema. Mwongozaji alifunga daftari polepole, akamrudishia Sindano kwa upole uliomuuma kuliko matusi. Alisema watu watakuja kulilia mapenzi waliyoyapenda tangu shule, na yeye hawezi kuwapokonya kwa sababu ya mistari ambayo haipo. Gauni lenyewe halitavaliwa, akaongeza, maana halimtoshi mwigizaji. Zishonwe nakala.

Sindano alifikiria kuacha kazi. Alifika hadi kukusanya mikasi yake. Lakini bibi alikuwa amelipeleka gauni kwa fundi, si kwa mtu mwingine, na fundi akiondoka atabaki nani? Alikaa kwenye cherehani. Alishona nakala nne kwa kipimo cha mwigizaji, mwanamke wa miaka ishirini na saba, na chini ya kila moja akafanya kile ambacho hakikuwepo kwenye mchoro wowote. Nakala ya matukio ya mwanzo aliikunja mara tatu. Ya pili, mara mbili, na mstari mmoja wa rangi ya chai, aliouchora kwa majani ya chai yenyewe. Ya tatu, mkunjo mmoja, mistari miwili. Ya nne haikuwa na mkunjo; mistari mitatu tu.

Mama Mavazi alipita nyuma yake, akasimama. Sindano alingoja kukemewa.

"Uzi wako ni mweupe mno," Mama Mavazi alisema. "Wa zamani ulikuwa na manjano kidogo. Chukua wangu."

Miezi minane baadaye filamu ilionyeshwa kwanza kwa walioitengeneza na wageni wao, asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya bluu. Bibi alikaa katikati ya Sindano na Mama Mavazi, mkongojo magotini. Sindano alitazama chini ya picha muda wote, na muda wote hakukuwa na chini. Mwongozaji alipenda nyuso. Barazani, uso. Somo la kusoma, nyuso mbili na mshumaa. Mara moja tu, mwigizaji alipopanda ngazi za nyumba ya ofisa, kamera ilimfuata kwa nyuma, na kwa muda wa kupepesa macho upindo ukapita ukiwa na mstari mmoja.

Bibi alimshika Sindano mkono. "Mmoja," alinong'ona.

Ukumbi ulilia kwenye treni. Walilia kweli, wanaume wazima, na taa zilipowaka walipanga foleni kumpa bibi mkono. Mwanamke mmoja alimwambia ana bahati, si kila mtu anazaliwa na mapenzi kama yale. Bibi akamshukuru.

Siku tatu baadaye Sindano alikwenda nyumbani kwa bibi, chumba kimoja chenye kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Bati lilikuwa mezani tayari, limefunguliwa.

"Nirudishie mistari yangu," bibi alisema.

Sindano alifungua daftari penye namba, akapima kutoka chini inchi moja na nusu, akatia uzi wa kahawia kwenye sindano. Alishona kwa mkono, mishono midogo kadiri alivyoweza, akiizungusha sketi juu ya magoti yake, na bibi akamweleza mwaka wa mstari ule ulikuwaje: pasi ya makaa, chumba cha nyuma ya jiko, mlango usiokuwa na komeo ndani. Sindano aliyaandika maneno hayo kando ya namba, kila alipofikia mwisho wa uzi.

Mstari wa kwanza ulipokamilika, bibi alipitisha kidole gumba juu yake, mzunguko mzima.

"Si wenyewe," alisema.

"Najua, bibi."

Bibi aliupitia mstari kwa kidole mara ya pili. Kisha akaliondoa gauni kwake na kumsogezea.

"Shona wa pili."