Swali Kwenye Kipilefti

Hakuna aliyemtarajia mzee aliyeingia kwenye maegesho ya chuo asubuhi ile. Jirani yake alimshusha barabarani, naye akaja kwa miguu kupitia katikati ya koni za mazoezi, amevaa tai na koti la kwendea harusini, kofia mkononi.

"Wanangu, hapa ndipo mnapotoa leseni?"

"Hatutoi, mzee wangu," akajibu Kev, mwalimu wa udereva. "Sisi ni watu wabaya. Tunanyang'anya tu."

Mzee alicheka, lakini kofia aliikamua kama tambara bovu.

Aliitwa Clarrie Hobday, mkulima wa ngano nje ya mji wa Horsham. Majira ya baridi alipigwa na kiharusi kidogo. Mkono ukarudi, ulimi ukarudi, ila daktari alimkataza kushika usukani mpaka apimwe udereva hapo chuoni, na miadi aliyopewa ilikuwa ya baada ya mavuno.

"Sina huo muda," alisema. "Mke wangu Thelma yuko nyumba ya wazee. Maneno yamemwisha, siku nzima ni kupiga kelele. Kila Alhamisi nilikuwa namweka kwenye pikapu tunazunguka mashambani. Humo ndani ananyamaza. Anatazama ngano."

"Hakuna mwingine wa kumwendesha?" akauliza Marnie Doolan.

"Watoto wako mbali, Perth. Jirani alijaribu, Thelma akamng'ata."

Marnie alikuwa amehitimu tiba kwa vitendo, kazi ya kuwarudishia watu shughuli ambazo ugonjwa umewapokonya: kufunga vifungo, kupika, kupalilia bustani. Sasa alikuwa amerudi darasani kusomea upimaji wa madereva waliougua. Alimgeukia msimamizi wake, Bi Voula, ambaye kalamu yake ilikuwa imeshakwama hewani.

"Yule wa saa nne amevunja miadi," Marnie akasema. "Nafasi ipo."

"Nafasi ipo, na huruma yako ipo pia," akajibu Bi Voula. "Hiyo ya pili iache hapa nje. Haya, utampima wewe."

Marnie hakuiacha. Alipokuwa akimfungulia mzee mlango wa gari la chuo, alimnong'oneza, "Liwe liwalo, Mzee Clarrie, Alhamisi hii Thelma atazunguka mashambani. Nakuahidi."

Walikaa kama inavyotakiwa: mzee kwenye usukani, Kev kando yake na breki yake ya pili miguuni, Marnie na Bi Voula nyuma. Mzee aliendesha vizuri. Aliwasha indiketa mapema, akapisha basi la shule, akapunguza mwendo mbele ya kanisa.

"Unaendesha kama mchungaji anayetafuta waumini," Kev akamtania.

Lakini kutoka nyuma Marnie aliyaona mabega ya mzee yakitetemeka ndani ya lile koti. Hilo lilimuuma. Alitaka kumtuliza, kumkumbusha kwamba yeye ni mtu, si mtihani. Walikuwa wanakaribia kipilefti cha posta.

"Mzee Clarrie, wewe na Thelma mlikutana wapi?"

Macho ya mzee yakapanda kwenye kioo kumtafuta. Akatabasamu. "Dansini, Dimboola. Alinikanyaga kidole, halafu yeye ndiye akaka—"

Gari likasimama kwa kishindo. Baiskeli ilipita mbele ya boneti na msichana aliyeipanda akawarushia matusi. Mguu wa Kev ulikuwa umekandamiza breki. Kila mmoja aliijua maana yake: mwalimu akigusa breki, kipimo kimekwisha na dereva ameanguka.

Waliporudi chuoni, Marnie alimvuta Bi Voula pembeni.

"Ni mimi niliyemuuliza. Aruhusiwe kurudia."

"Baada ya miezi sita, kama wengine."

"Kosa ni langu!"

"Pengine. Lakini barabarani kuna redio, kuna nzi, kuna mke anayepiga kelele. Labda angeanguka hata ungenyamaza. Labda asingeanguka. Hilo hutalijua kamwe, Marnie, na hakuna wa kukujibia." Sauti ya Bi Voula ilishuka. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Alimwambia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini.

"Binti, uliniuliza habari za mke wangu," akasema. "Nikaona ni adabu kukujibu."

"Ilikuwa adabu. Nisamehe."

Mzee akavaa kofia yake, akaenda barabarani kumngoja jirani.

Ndipo Marnie alipokumbuka kwamba Alhamisi ulikuwa mtihani wake wa mdomo. Alimweleza Bi Voula ahadi yake kwa mzee, akaomba mtihani usogezwe. Watahini walikuwa wanatoka Melbourne kwa siku hiyo moja tu, wakakataa.

"Ukikosa, unarudia muhula mzima," Bi Voula akamwonya. "Na huko kwa mzee hutakwenda kwa jina la chuo. Utakwenda kama Marnie tu."

"Najua, Bi Voula."

Alhamisi asubuhi alimkuta mzee mbele ya nyumba yake, ameegemea pikapu.

"Sikudhani utakuja."

"Niliahidi."

"Watu huahidi." Akamtupia funguo.

Kelele za Thelma zilisikika tangu kwenye korido ya nyumba ya wazee. Mhudumu na mzee walimketisha katikati ya kiti kirefu cha pikapu. Alipogeuka upande wa usukani na kumwona mgeni, alilia kwa nguvu zaidi, akampiga Marnie begani kwa ngumi nyepesi. Marnie akafungua kinywa amsalimie.

"Usiseme neno," mzee akasema. "Wewe endesha."

Akaendesha. Saa ya mtihani ilifika wakiwa kati ya mashamba, ngano pande zote mbili, vumbi likiwafuata. Thelma hakunyamaza. Kila mara alinyoosha mkono kuelekea usukani, na kila mara mumewe aliushika na kuurudisha taratibu mapajani.

Walipofika kwenye maghala ya ngano Marnie alipunguza mwendo, akamtazama mzee kama kumuuliza wageuze.

"Huwa tunafika mpaka darajani," Clarrie akasema, macho yake mbele.

Marnie akakanyaga mafuta, akawafikisha darajani.