Safari Iliyokuwa ya Mulwa

Safari ilikuwa ya Mulwa. Yeye ndiye mzee wa kanisa letu, hapa karibu na Tala, aliyechaguliwa kwenda Finlandi kuwatembelea Wafini waliotusaidia kuchimba kisima. Alinunua buti za mtumba sokoni, kubwa, zenye manyoya ndani, akazivaa nyumbani siku nzima huku jasho likimtoka na mkewe Wavinya akimcheka. Kabla ya Krismasi presha ilimpanda akiwa shambani. Alianguka kati ya mibuni, akafa kabla gari halijafika.

Mchungaji Ndunda alikuja kumwona Wavinya baada ya mazishi.

"Mama Mumo, wale wenyeji wameandika. Wanasema uende wewe badala yake."

"Sawa," Wavinya akasema.

"Fikiria kwanza, mama."

"Nimesema sawa."

Hakuwa na hamu ya kwenda, wala hamu ya kubaki. Akiwekewa chai alikunywa, akiambiwa tuombe alifumba macho. Siku ya mazishi hakutoa chozi, na wanawake waliojipanga kumshika asianguke walibaki na mikono yao bure.

Alifika Finlandi mwezi wa tatu, katika kijiji cha kando ya ziwa, mbali kaskazini mwa mji mkuu. Mwenyeji wake alikuwa Helvi, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye hakuwahi kuolewa na bado alikuwa na ng'ombe wachache. Helvi alimwonyesha pa kuvulia viatu mlangoni, akamwonyesha kitanda, akaenda zake zizini. Hakusema pole. Wavinya alikaa kitandani akingoja kuulizwa marehemu aliugua nini. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, asiulizwe.

Nje, jua liliwaka kama la Yatta kule kwao. Theluji iling'aa mpaka macho yakamuuma, lakini alipolinyoshea jua kiganja hakupata joto lolote. Msitu ulikuwa kimya, alisikika tu kigong'ota akigonga mti mahali fulani. Helvi alimwonyesha nyayo za sungura, akamwonyesha miti myeupe ambayo magome yake hubanduka kama karatasi. Wavinya aliitazama. Aliona ni mizuri, vile mtu anavyoona kwamba ukuta umepakwa rangi.

Kahawa ilikuwa ikichemka pale tangu asubuhi hadi jioni.

"Nyumbani kwenu mnailima hii," Helvi alisema kwa Kiingereza chake cha shuleni. "Mnaipikaje?"

"Hatuipiki. Tunaichuma, tunaipeleka kiwandani. Sisi tunakunywa chai."

Helvi akamtazama, akatazama kikombe chake, kisha akacheka mpaka akashika meza.

Jumamosi walioga sauna, kibanda cha mbao chenye mawe ya moto, wawili hao uchi juu ya benchi. Mwaka mmoja nyuma Wavinya angetafuta shuka ya kujifunika na kumwomba Mungu msamaha. Sasa alivua kila kitu, akaketi. Helvi aliyamwagia mawe maji, mvuke ukawapiga usoni.

Jumatatu Helvi alitaka kwenda kuvua samaki ziwani. Alimletea Wavinya viatu vyake vya ziada, vya sufu nzito.

"Niko na vyangu," Wavinya akasema, akavaa buti za Mulwa. Miguu ilicheza ndani yake. Theluji iliingia kwa juu walipokuwa wakitembea, ikayeyuka, soksi zikalowa. Hakusema.

Katikati ya ziwa Helvi alitoboa barafu kwa keekee ndefu, akampa Wavinya kigoda na kijiti chenye uzi. Walikaa kila mmoja mbele ya tundu lake. Helvi alivuta samaki wadogo wenye mistari mgongoni. Wavinya hakuvuta kitu. Mwanzoni vidole vya miguu vilimuuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo likampendeza. Hakuna mtu aliyemwambia Mungu amempenda Mulwa zaidi. Hakuna aliyemwambia ajikaze.

Helvi alipokusanya vitu, Wavinya alisimama, akaanguka. Alijaribu tena, akaanguka tena.

Helvi alimvua buti palepale. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta.

"Kwa nini hukusema?" alifoka.

"Sikusikia kitu."

"Hata maumivu?"

"Hata hayo."

Bibi yule alimlaza juu ya kigari cha kuteleza cha kubebea kuni, akamfunika koti lake mwenyewe, akamvuta hadi nyumbani huku akigombana na hewa kwa Kifini. Jikoni alifungua sweta lake, akaiweka ile miguu kwenye tumbo lake, juu ya ngozi, akaikumbatia.

Damu ilirudi kama makaa. Wavinya alipiga kelele. Alilia kwa Kikamba, akimwita mamake, kamasi zikimtiririka. Katikati ya kilio alifikiri, basi ndiyo hii, sasa namlilia Mulwa. Akangoja sura yake ije. Haikuja. Maumivu yalipopungua, machozi nayo yakakauka. Zizini ng'ombe walikuwa wakilia kwa kucheleweshwa kukamuliwa, lakini Helvi hakuondoka.

Vidole vyote vilipona, ingawa kimoja kilibambuka ngozi. Siku ya kuondoka Helvi aliuliza afanye nini na zile buti.

"Ziache hapa," Wavinya akasema.

Kanisani alitoa ripoti fupi. Watu walitaka kujua juu ya baridi, akawaambia ipo. Lakini Ndanu, dada yake Mulwa, hakutosheka. Walipokuwa wakipalilia mahindi, alisimamisha jembe.

"Nasikia wale wenyeji wameandika kwamba ulilia huko. Ulimlilia kaka yangu?"

"Hapana. Nililia miguu."

Ndanu aliegemea mpini wa jembe. "Na mtaanza kunisema mimi," Wavinya akaendelea, "lakini ndivyo ilivyo. Hajanijia bado. Yule bibi alikaa tu na mimi. Hakusema kitu."

"Hata pole?"

"Hata pole."

"Wazungu!" Ndanu akasema, akatikisa kichwa. Halafu, akiinua jembe tena, "Kesho nitakuja tumalize upande wa juu."

Kesho yake alikuja mapema na jembe lake. Ndanu ni mtu ambaye huongea hata akiwa peke yake. Asubuhi hiyo alifunga mdomo, akapalilia mstari wa kwanza wote kando ya wifi yake bila kusema neno, na nusu ya wa pili.