Tundu la Kofia ya Wessel

Machteld hakuwa mtu wa kuazimisha vitu. Jirani akija kuomba hata ndoo, atazungushwa mpaka achoke. Lakini kofia ya chuma ya mwanawe Wessel aliibeba mwenyewe ndani ya aproni mpaka kwa Govert mchoraji. Mji mzima wa Haarlem, huko Uholanzi, ulikuwa unashangilia amani na Mhispania, na baraza la mji lilitaka picha ya kutundika ukumbini.

"Namchora mwanamke, ndo Amani mwenyewe, kashika tawi la mzeituni," Govert akamwambia. "Simba, nembo ya nchi yetu, kalala miguuni kama paka. Pembeni kofia ya vita, nyuki wamefanya mzinga humo. Yaani chuma kilichoua watu sasa kinatoa asali."

"Hiki hakikuua mtu. Mtu kafia ndani yake." Machteld akatia kidole kwenye tundu la risasi, pale juu ya jicho, kama alivyozoea kila jioni tangu kofia iletwe nyumbani bila maiti. "Nyuki wako wapitie hapa. Watu wapaone. Sitaki kingine."

Govert akakubali, na akachora kweli. Machteld akipita na kapu lake la samaki, anachungulia: nyuki wanaingia tunduni mmoja mmoja. Anaondoka moyo umetua kidogo.

Siku moja akamkuta Bwana Reynier wa baraza kasimama mbele ya picha, kakunja uso.

"Tundu la nini hilo?"

"Mlango wa nyuki, Bwana Mkubwa."

"Si wana mlango chini huko? Mzinga wenye tundu unavuja, Govert. Watu watasema amani yetu inavuja. Ziba."

"Ni tundu la mwanangu," Machteld akasema.

Bwana Reynier akamgeukia taratibu. "Pole sana, mama. Ndo maana tunataka picha ya kukufurahisha."

Govert akawa anafuta brashi ambayo ilishakuwa safi.

Bwana Reynier alipotoka, Machteld akanyoosha mkono. "Haya, picha yenu. Nipe kofia yangu."

"Niachie nimalize, mama. Unanijua, sichori nisichokiona."

Mji mzima ulimjua hivyo. Aliwahi kusimamisha kazi akisubiri meli ya malimau, eti limau la kuchora kwa kukumbuka halina maji. Machteld alilijua hilo, na bado akaiacha.

Picha ilipotundikwa, akaenda kuchukua kitu chake. Govert akampa kofia inang'aa kama sufuria jipya.

"Nilijaribu kuchora chuma kizima huku natazama kilichotoboka, ikashindikana. Nikaipeleka kwa mhunzi. Tazama, hata alama huoni. Sasa hata kuvaliwa inafaa."

"Avae nani?"

Govert akaokota brashi, akaanza kuifuta.

Nje watu walikuwa wanatoka ukumbini, wanasema ile asali unatamani kuilamba. Machteld akapita katikati yao, kofia ndani ya aproni, kidole kinatafuta pale juu ya jicho, kinateleza tu.