Feni Haizunguki

Shemeji yangu Saveta aliingia zizini kichwa wazi, bila kitambaa, nikajua hapo hapo kuna jambo. Mwanamke wa huku kwetu hatoki nyumbani kichwa wazi katika baridi ya baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, baridi ambayo mbao za zizi hulia zenyewe na ukitema mate yanafika chini yameshakuwa barafu.

"Umeme umekatika," akasema.

"Umekatika tangu asubuhi. Umekuja kunisomea gazeti?"

"Acha mdomo wako, shemeji. Mashine ya Irimie imezimika. Nimemfungulia mtungi."

Nikaiweka ndoo ya maziwa chini.

Irimie ni mumewe. Yeye na mimi ni wanyumba, tulioa dada wawili, ila wangu, Rafila, yuko makaburini mwaka wa pili sasa. Mapafu ya Irimie yaliishia mgodini. Wakubwa walimpa medali, kikohozi akajipatia mwenyewe. Siku hizi anapumua kwa mashine ya oksijeni iliyo kando ya kitanda, na mashine hiyo bila umeme ni kabati tu. Mtungi ni wa dharura, wa kusubiria msaada.

"Umebaki kiasi gani?"

"Mshale uko nusu. Chini ya nusu."

"Simu umepiga?"

"Nimepiga. Gari la wagonjwa limefika nyumba ya wageni, halipandi zaidi. Muuguzi kajaribu kuja kwa miguu na mtungi mgongoni, theluji ya usiku wa leo ikammeza hadi kifuani, wenzake wakamvuta."

Nyumba ya wageni. Hapo ndipo dunia inapoishia kwa meya wetu, maana nyumba ni ya kaka wa mkewe. Greda la theluji linapanda kutoka bondeni, linasafisha mpaka mlangoni pake, linageukia uani kwake, linashuka. Sisi wa juu, kaya chache za wazee, hatumo kwenye mkataba. Hata jenereta tuliloletewa kwa hotuba na tarumbeta liko huko huko chini, linawapashia watalii maji ya bwawa la kuogelea. Nimesoma darasa nne tu, lakini maandishi ya rangi nyeupe ubavuni mwa jenereta lile nayasoma vizuri: ni jina la kitongoji chetu.

"Trekta litawaka?" Saveta akauliza.

"Litawaka."

Nilisema hivyo kwa sababu trekta langu nalitunza kuliko meya anavyotunza watu. Tangu theluji ya kwanza hadi Pasaka, kila jioni natoa maji yote, kwa kuwa maji yakiganda ndani ya injini hupasua chuma kama ganda la yai. Nafungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa injini, nazichokoa kwa waya maana kutu huziba, naziacha wazi. Betri inalala nyumbani, nyuma ya jiko. Dizeli naichanganya na mafuta ya taa isije ikagandamana kama shahamu ya nguruwe.

Nikaibeba betri hadi bandani. Saveta akaja nyuma na karai la makaa, nikalisukuma chini ya sampo, bakuli la oili la injini, ili oili ilegee. Kisha nikafanya ninalofanya kila mara kabla ya kuwasha: nikashika panga moja la feni, nikalizungusha kwa mkono.

Halikuzunguka.

Nikavua glovu, nikashika kwa mikono miwili. Chuma kikaninata ngozi. Feni haikusogea hata unywele. Feni na pampu ya maji zinakaa kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo feni ikigoma, pampu imeganda. Na pampu haigandi bila maji. Nikapiga magoti, nikapapasa koki ya ubavuni. Imefungwa. Nikapapasa ya chini. Imefungwa.

"Nani kafunga koki zangu?"

Saveta akatazama mlango.

"Saveta!"

"Jana," akasema, "padri alipopita kubariki nyumba. Wewe ulimfungia geti kama mwizi. Mimi nikachukua maji ya baraka kwenye jagi, nikaja kulimiminia trekta. Nani mwingine anayetuopoa huku juu? Nikaona yanachuruzika chini. Maji ya baraka hayakanyagwi, shemeji! Mbwa angepita juu yake. Basi nikafunga."

"Ukafunga."

"Maji yale hayaharibiki. Nina chupa ya mwaka juzi, safi kama machozi. Nikajua na kuganda hayagandi."

"Humu bandani angeganda hata mtakatifu mwenyewe!"

"Usimtukane mtakatifu mume wangu akiwa katika hali hii."

Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka kwaresima, nikayaacha. Kama ningewasha bila kugusa feni, mkanda ungeungua, mhimili ungekatika, na Irimie angebaki kitandani akiutazama mshale.

"Sufuria lako kubwa lina maji ya moto?"

"Yanachemka."

"Yachanganye na theluji mpaka mkono uvumilie, ndipo ulete."

"Mtu anakufa, wewe unataka maji ya kuogeshea mtoto?"

"Maji yanayochemka yakigusa chuma kilichoganda, chuma kinapasuka. Pampu ikipasuka tutamvuta Irimie kwa meno. Nenda! Na upite kuangalia mshale."

Akaenda. Nikafunga pampu kwa matambara, nikavuta makaa mengine karibu na ubavu wa injini, si karibu mno. Kazi ya namna hii haitaki nguvu, inataka usimame tu huku moyo unakupiga mbavu. Saveta akaleta ndoo, nikamwaga polepole juu ya matambara. Akarudi mbio. Nyumba yao imetenganishwa na yangu kwa uzio wa fito tu, nikamsikia akimwambia Irimie maneno ya kumtuliza, kisha akasimama mlangoni akapaza sauti.

"Robo!"

"Mpunguzie kidogo!"

"Nikipunguza anabadilika midomo!"

"Basi usipunguze!"

Nikamwaga ndoo ya pili. Koki zote nimeshazifungua, lakini hakikutoka kitu. Nikaingiza waya, ukagonga pagumu. Rafila alinifia hivi hivi, nikisubiri simu, na sauti kwenye simu ikiniambia nisubiri. Nilisubiri kama mtu mwenye adabu. Daktari alifika kesho yake kuandika sababu ya kifo, akaandika moyo. Hakuandika barabara.

Ndoo ya tatu. Waya ukazama. Likatoka tone, likafuata jingine, kisha vipande vya barafu vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nikashika panga la feni. Likatetemeka. Sikulazimisha. Nikalirudisha kidogo, nikalisogeza kidogo, mbele na nyuma, mpaka ndani kukasikika kitu kikikwaruza, na feni ikazunguka.

Nikafunga koki, nikajaza maji ya vuguvugu, nikaunganisha betri. Stata ikakoroma mara ya kwanza, ikakoroma mara ya pili kwa uchovu, ya tatu moshi mweusi ukajaa banda na trekta likashika. Nikatoka nalo, bamba la kusukumia theluji likiwa mbele na sleji, gari la kuburuta lisilo na magurudumu, la kubebea kuni, nyuma.

Irimie tulimbeba na godoro lake. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa nyasi kavu, yeye aliyekuwa akininyanyua na kiti changu kwenye harusi.

"Mwanyumba," akasema ndani ya barakoa, "umenyoa... kwa ajili yangu?"

"Nyamaza. Pumzi zako zinahesabiwa."

"Na meya?"

"Huyo hana pumzi za kuhesabu, ana upepo tu."

Saveta akapanda ubavuni pake chini ya mablanketi, akaukumbatia mtungi kama mtoto, macho kwenye geji. Nikaanza kushuka.

Mwanzo theluji ilikuwa laini, bamba likaimwaga pembeni. Nilikwenda kwa gia ndogo, nikigeuka kila mara. Chini ya miguu yangu nikasikia mlio mpya, wa pampu, kama mtu anayesaga meno. Kisha nikaona maji yakidondoka mbele ya tairi. Barafu ilikuwa imekula mpira wa pampu unaozuia maji. Nikajua trekta litafika au litaungua, na kwamba kusimama kulitazama hakutalisaidia.

Kwenye kona ya makaburi upepo ulikuwa umejenga ukuta, umefika kwenye boneti. Nikausukuma, matairi yakazunguka bure.

"Kwa nini umesimama?" Saveta akapiga kelele.

"Nafungua sleji! Nikiwa na nyinyi nyuma siwezi kurudi nyuma nikagonga!"

"Unatuacha?"

"Nawaacha hapo hapo, unaniona!"

Nikang'oa pini ya sleji, vidole havisikii. Nikarudi nyuma kwa kuwazunguka, nikaja kwa kasi, nikapiga. Ukuta ukala nusu ya bamba. Nikarudi, nikapiga tena. Mshale wa joto la injini ulikuwa umelala upande mwekundu na mvuke ukanipiga usoni, wenye harufu ya kutu.

"Mshale umefika chini!" Saveta akalia. "Nistor! Umefika chini!"

Ni mara ya kwanza tangu nimjue kuniita kwa jina tupu. Nikarudi nyuma mpaka tairi likagusa uzio wa makaburi, nikakanyaga mafuta yote. Trekta likaruka, likazama, likatoboa. Upande wa pili nikaona taa ya buluu ikizunguka bondeni, karibu sana, na watu wawili wakinipungia mikono kana kwamba sikuwaona.

Kufunga sleji tena kulinichukua muda kuliko kuvunja ule ukuta, kwa sababu mikono ilikataa. Saveta akashuka, akaisukuma pini kwa kisigino cha kiatu. Irimie alikuwa amefumba macho na kinywa kiko wazi ndani ya barakoa, kifua kinapanda kwa vipande vipande.

Sikufika mlangoni. Injini ilinizimikia mteremkoni, lakini mteremko ni mteremko. Nikaachia breki, tukateleza kimya mpaka uani kwa kaka wa mke wa meya, tukasimama karibu na greda. Muuguzi, kijana mwenye ndevu, alishaingia kwenye theluji na mtungi mpya kabla sleji haijatulia. Akabadilisha mpira, akafungua, akasubiri akiwa ameshika kidole cha Irimie.

Saveta akaendelea kuukumbatia mtungi mtupu.

Midomo ya Irimie ilikuwa ya zambarau kama plamu. Ikakaa hivyo. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa, akamtazama muuguzi kwa hasira ya mtu aliyeamshwa.

"Tumempata," muuguzi akasema. "Kwa nini hamkumleta mapema?"

Saveta ndiye aliyenishika koti, la sivyo sasa hivi ningekuwa naandika haya polisi.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Saveta akiwa ndani na viatu vya nyumbani, nilimfuata dereva wa greda, Sabin, aliyekuwa anavuta sigara kwenye ngazi ya gari lake.

"Ulikuwa hapa muda wote?"

"Nilikuwapo, baba."

"Na bamba lako hilo ni la mapambo?"

"Baba Nistor, nina watoto. Nikivuka geti hili bila ruhusa nafukuzwa. Nimempigia meya, hapokei."

"Ukuta wa kona ile ungeuvunja kwa msukumo mmoja."

"Najua," akasema, akatazama sigara yake. "Najua, baba."

Nikamwacha. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya ukubwa wake. Nikalitoa trekta maji yaliyobaki, nikapanda kwa miguu kwenda kukamua ng'ombe wa kaya mbili.

Siku ya pili yake Saveta akanipigia simu kutoka hospitali.

"Anakula?" nikauliza.

"Anakula, na anailalamikia supu haina chumvi."

"Basi mzima."

"Daktari anasema mapafu yametulia. Ila hamruhusu kurudi nyumbani mpaka meya amhakikishie kuwa umeme upo na njia iko wazi."

"Anampigia?"

"Kila nikipita mlangoni kwake namwona ana simu sikioni. Meya hapokei."

"Mpe namba ya nyumba ya wageni," nikasema. "Aombe kuunganishwa na bwawa."