Vumbi la Nkonde

Jioni moja ya mwaka wa 1954, Matildah alikuwa akipara samaki mlangoni pake, Nchelenge, kando ya ziwa, wakati mwanamume asiyemjua alipoegemeza baiskeli na kuanza kugongagonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayenunua mtungi.

"Jambo, mama. Weye njo mufagizi?" akauliza, kwa Kiswahili cha pale ziwani kinachosema "njo" kwa "ndiye".

"Mimi njo mwenye nyumba."

Mgeni akavua kofia. Aliitwa Chabu, mchuuzi wa samaki kutoka Kasenga, upande wa Kongo. "Pardon, mama. Jairos ameniuzia. Alisema ni nyumba ya marehemu ndugu yake, haina mutu."

Hivyo ndivyo Matildah alivyojua kwamba shemeji yake ameiuza nyumba.

Chabu alichungulia ndani. Kitandani lilikuwa limelala vumbi lenye umbo la mwanamume, mkono mmoja chini ya shavu.

"Na ule?"

"Bwana yangu, Nkonde."

"Atatoka lini?"

"Hajasema."

Chabu aliitikia kwa kichwa. Mke wake angefika Jumamosi. Aliomba nyumba isafishwe vizuri, maana mke wake alichukia magamba ya samaki.

Nkonde alikuwa amezama ziwani na mwili haukuonekana. Matanga yalipoisha, vumbi likaanza kurudi. Asubuhi Matildah alilifagia, jioni lilijikusanya, likajilaza upande wa kitanda wa Nkonde, na jua lilipozama likasema, "Nyumba ni ya Matildah." Kisha lilikohoa, kama Nkonde alivyokohoa maisha yake yote. Ndivyo alivyosema hata alipokuwa hai, mbele ya ndugu zake, siku walipomaliza kuezeka, kwa kuwa udongo wote wa kichuguu aliuchimba mke wake, na kuta zote alizikandika mke wake kwa viganja.

Jioni moja tu vumbi liliongeza neno. "Usinirudishe majini."

"Sitakurudisha," Matildah aliahidi, akaendelea kusonga ugali.

Wazee waliitwa kuamua. Walikaa kitako chumbani, jua likazama, vumbi likasema. Mzee Mubanga, aliyeongoza kikao, alikiri kwamba maneno yalikuwa wazi, na kikohozi kilikuwa kile kile. Kisha wakaamua kwamba nyumba ni ya Jairos, kwa kuwa mali ya marehemu hurudi kwa ndugu zake, wakauliza kama kuna chai.

Lakini kusafisha ilikuwa kazi ya Matildah. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mkono uliokandika nyumba ndio huisafisha kabla haijapewa mtu mwingine. Mke wa Jairos alijaribu, na ufagio ukanyonyoka njiti zote mikononi mwake.

"Mulamu," Jairos akasema, kama shemeji wanavyoitana pale, "fagia ule mudomo wa vumbi, utupe ziwani. Ukifanya vile, nitakuachia kibanda cha jikoni ulale. Kama hautaki, beba kitunga kimoja tu, uende kwenu Kabuta."

"Nitasafisha. Si kwa sababu yako. Hakuna mutu atasema Matildah aliacha nyumba chafu."

"Una kichwa nguvu!"

"Hiki kichwa njo kilijenga hapa. Weye ulikuwa unakula ugali yangu na kuuliza mboga iko wapi."

Akabandua magamba kwa kisu. Akasugua masizi kwa majivu na maji ya moto. Akakandika sakafu upya, akapaka kuta udongo mweupe kwa viganja. Mwishoni, alama za vidole hulainishwa kwa kitambaa. Hakulainisha hata moja. Viganja vyake vilibaki vimeenea kuta zote, toka sakafuni hadi kwenye paa.

Jumamosi mke wa Chabu alizunguka chumba akinusa. "Safi kabisa," akasema. "Na hii mikono?"

"Hiyo haitoki," Matildah akamwambia.

Alikuwa amejaza kitunga chake unga wa muhogo, chakula chake chote. Akaumimina wote katika sinia la yule mwanamke. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akamchota mume wake kwa mikono, kuanzia miguuni, akamweka kitungani, akamfunika kwa kitenge. Jairos alisimama mlangoni akingoja aelekee ziwani. Matildah alimpita bila salamu.

Kitunga kilikuwa na uzito wa mwanamume mzima. Ufukweni Kafula, jirani yake, alikuwa akisukuma mtumbwi kwenda Kabuta.

"Mama, panda, bure! Ule muzigo utakuvunja shingo."

"Asante, tata," akamjibu, kama anayemwita baba. "Bwana yangu hapandi mutumbwi tena."

Akapanda barabara ya mchanga inayopita mbali na maji, ile ndefu. Jua lilipozama alikuwa bado njiani. Kitungani Nkonde akasema nyumba ni ya nani, na wenye baiskeli za samaki wakawapisha kwa adabu. Shingo ilimuuma. Akakaza kitenge, asije akamwagika, akaendelea.