Mama Mkwe Apanda Mlima

Mama Akiror wa Malaba alikuwa na ulimi mrefu kuliko treni za mizigo zilizopita nyuma ya nyumba yake, na ulimi huo ndio uliompandisha mlima. Miguu haikuulizwa.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Masika yalipokwisha, magoti yake yalikuwa yamekaza kama bawaba zenye kutu. Mwanamke aliyezoea kubeba gunia la simsim kichwani kutoka Amukura mpaka stesheni, akafika na pumzi ya kutosha kugombana na wanunuzi, sasa alishika ukuta ili atoke nje kuota jua. Majirani wakaanza kumletea uji. Uji wenyewe hakuuchukia. Alichukia upole waliokuja nao, zile sauti za chini ambazo watu hutumia wakiingia nyumba yenye mgonjwa aliyekatiwa tamaa.

Anjeline, mtoto wake wa pekee aliyeolewa Usamia, alikuja kutoka Funyula, akatazama jiko lililozima na mtungi mkavu, akatoa uamuzi wake. Mama angehamia kwake, alale katika nyumba yake, na mambo yaishe.

Asiyejua mila za kule ataona hilo ni jambo jema, nami namsamehe. Lakini kwa Wateso, na kwa Wasamia vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akaingia kichakani hata kama ana mzigo kichwani. Mama kulala chini ya paa la mkwewe ni aibu ya kutungiwa nyimbo. Anjeline aliyajua hayo yote. Ila alisema heri aibu kuliko kuja siku moja kumkuta mama yake amekufa peke yake sakafuni.

Akiror akasema heri hicho kifo. Wakabishana mchana kutwa, hata kuku wakaondoka uani. Mwishowe binti, kwa hasira ya mtu anayempenda asiyependeka, akamwuliza mama yake: kama miguu hiyo ni mizima, mbona asiupande ule mlima wa Usamia wenye maji moto, unaopandwa na watu wa Busia kila Jumapili? Akiupanda kwa miguu yake, habari ya kuhama haitatajwa tena. Akishindwa, afunge mizigo.

"Nitapanda," akasema Akiror.

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayapima, na usiku hakulala vizuri. Lakini ahadi ni deni.

Aliyekuwa akiwapeleka watu ni Edris, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Busia, ambaye Jumapili aliliosha lori lake, akalitia mabenchi na kubeba watu badala ya samaki. Harufu ya samaki haikukubali kushuka. Edris aliwashusha abiria upande mmoja wa mlima wapande na kiongozi, kisha yeye akazunguka na lori kwa barabara ya chini mpaka upande wa pili, yalikokuwa maji moto, akawangoja huko. Akiror alimhoji Edris kuhusu nyoka, kivuli, na kama maji yanachoma au yanatia joto tu. Jambo moja hakuuliza: kiongozi ni nani.

Na hilo ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Maana miaka yote tangu binti yake aolewe, Akiror hakuwahi kuuliza mkwewe hufanya kazi gani. Kudadisi habari za mkwe nako si adabu. Anjeline kwa upande wake alikuwa amesema kwa hasira tu, akiamini kwamba mama yake hatafika hata Busia.

Basi lori likasimama chini ya mlima, nyuma ya Namboboto, abiria wakaruka chini, Akiror akateremshwa kwa mikono ya Edris na ya mkewe Aidah. Akainua macho amwone kiongozi. Mwanamume mrefu alikuwa amewapa mgongo akikaza kamba za viatu. Akiror alimwona mkwewe mara mbili tu maishani, siku ya mahari na siku ya matanga fulani, na mara zote mbili alimwona kwa nyuma. Mgongo ule aliujua.

Alijifunika shuka kichwani akageukia gurudumu la lori. Wandera, kwa maana ndilo jina la mkwe, aligeuka, akaona shuka lile, akaruka nyuma ya kichaka kama aliyekanyaga siafu. Abiria wakabaki wakitazama gurudumu na kichaka kwa zamu. Aidah alicheka mpaka alipoelezwa. Kisha akaziba mdomo kwa mtandio akaendelea kucheka taratibu, kwa heshima.

Kutoka kichakani Wandera alituma neno kwa Aidah: tafadhali mama aende na lori, azunguke, awakute majini. Hakuna atakayemcheka. Akiror aliposikia hivyo moyo ulimwuma. Alishuku kwamba binti amempanga mumewe aje ashuhudie anavyoanguka, ili jioni waandae kitanda. Akamtuma Aidah arudishe jibu kwamba amekuja kupanda mlima, si kupanda lori.

Wakaanza safari hivyo. Wandera mbele kabisa, bila kugeuka hata mara moja. Akiror nyuma kabisa, macho chini, fimbo mkononi. Katikati yao watu wengine wote, na Aidah akipanda na kushuka baina yao na habari: kuna mawe yanayoteleza, kuna miiba kushoto, mama anataka kupumzika, mama amepumzika, mama anauliza mbona watu wa Busia wanatembea kama wanasindikiza maiti. Aidah alitembea mlima ule mara mbili siku ile, na kila mara aliporudi alikuwa na tabasamu jipya.

Magoti yalilia. Akiror aliyatukana kwa Kiteso, kimyakimya, na kwa namna fulani yalimsikia. Jua lilikuwa limepanda walipofika penye jabali.

Ni bamba la jiwe lililosimama, lisilo refu sana, lakini halina njia nyingine kwa kuwa pande zote mbili ni shimo na vichaka. Katikati yake kuna kidaraja, kama kipandio cha ngazi, kinachotosha nyayo za mtu mmoja. Kiongozi husimama pale, humpa kila mtu mkono, humvuta mpaka juu. Hivyo ndivyo wote walivyopita, mmoja mmoja, mpaka akabaki Akiror peke yake chini.

Hapo kila mtu akaelewa. Mkono mmoja tu ndio uliokuwepo, na ulikuwa mkono wa mkwe.

Usman, fundi cherehani mwenye kitambi na moyo mzuri, akajitolea kusimama mahali pa Wandera. Mguu ukamponyoka, akateremka kwa makalio, suruali ikapasuka kwenye mshono alioushona mwenyewe, na ikabidi Wandera amvute upya. Mtu mmoja akasema jamani, mila ni mila lakini mlima ni mlima, mama afumbe macho ashikwe mkono tu. Mwingine akasema mama ashushwe, Edris aitwe arudi na lori.

Akiror alisimama chini ya jabali lile akaona uchungu wa kweli. Aliiona kona ya nyumba ya Anjeline. Alijiona humo, amejifunika blanketi, akikohoa ndani ya kiganja ili mkwe asisikie, akingoja mwenye nyumba atoke ndipo naye aende haja. Maisha yake yote yakiishia katika kujificha. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Ndipo Wandera alipofanya jambo ambalo Malaba linasimuliwa mpaka leo. Alichukua fimbo yake akaigongomea ndani ya ufa wa jabali kwa jiwe, mpaka ikakaa kama mpini katika jembe. Akakiacha kile kidaraja, akapanda juu, akageukia mwamba mwingine akaupa uso, pua ikikaribia kuugusa. Akawaambia wanaume wote watazame Uganda, na asithubutu mtu kugeuka. Wanaume wakaitazama Uganda.

"Wewe jiwe," akasema kwa sauti kubwa, "hebu nisikize. Kama kuna mtu anataka kupanda, aanze na mguu ya kushoto. Iko shimo hapo chini karibu na nyasi. Asitafute mbali."

Akiror alielewa, na shaka yote aliyokuwa nayo juu ya mtu yule ikamtoka. Akafunga shuka juu ya magoti, jambo ambalo asingelifanya mbele ya jicho lolote la kiume, akaweka mguu shimoni.

"Jiwe," akasema, "hiyo shimo nimeona."

"Sasa mkono ya kulia. Iko fimbo nimeweka kwa ufa. Hiyo haiwezi kutoka hata ng'ombe ashike."

"Jiwe, mimi si ng'ombe."

Wanaume wakacheka huku wakitazama Uganda. Akiror akashika fimbo, akajivuta, mguu wa kushoto ukanyooka, akawa ananing'inia kati ya chini na kidaraja. Ilibaki kuinua mguu wa kulia. Goti la kulia, lile baya, likakataa katakata kukunjika.

"Jiwe," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, "goti imekataa."

Wandera hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, Aidah aliiona.

"Hii jiwe haina haraka," akasema. "Ilikaa hapa kabla ya babu zetu. Mtu apumzike vile anataka. Halafu aambie hiyo goti ikunje kidogo tu, si kwa nguvu, hiyo daraja iko karibu. Mimi nimepitisha watu wengi hapa. Mwenye ameshafika hapo alipo, sijaona akirudi chini."

Akiror akalaza shavu kwenye jiwe la baridi. Akavuta pumzi. Kisha akalikunja goti. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno, goti likalia kama kuni kavu, lakini likakunjika, na unyayo ukakanyaga kidaraja. Akasimama pale pa mkwewe kwa miguu yake miwili. Aidah akainama kumpa mkono, Akiror akaukataa. Akashika majani ya juu, akajisukuma, akatokea kileleni kwa tumbo, shuka limejaa vumbi, na kigelegele alichokipiga hapo kiliwafanya wanaume wasahau amri na kugeuka wote. Wandera peke yake hakugeuka. Alikuwa tayari ameshuka upande wa pili, ili nafasi ibaki yake mama.

Juu pale aliona ziwa, akaiona Uganda yote waliyokuwa wakiitazama wale, akaona moshi mbali sana upande wa Malaba. Alikaa akavicheka vitu vyote hivyo. Furaha ilimjaa mpaka akamkumbatia Usman na suruali yake iliyopasuka.

Njia ya kushuka ilikuwa pole. Huko chini maji yalitoka katika mawe yakifuka, yakajaa kidimbwi cha juu cha wanawake, kisha yakatiririka mpaka cha wanaume. Wanawake wakaingia. Akiror alizama mpaka shingoni akanyamaza, na kwa waliomjua, kunyamaza kwake kulikuwa sifa kubwa kuliko yoyote. Joto likapenya magotini, likafungua fundo moja baada ya jingine. Alikunja miguu na kuikunjua kama mtoto anayejifunza kuogelea.

Kupitia vichaka alisikia wanaume wakipiga kelele za raha. Akamwuliza Aidah kama na yule mtu wa mbele anaoga. Aidah akaenda kuchungulia, akarudi akasema hapana, amekaa chini ya mti na vumbi lake. Bila shaka. Maji ya wanaume yalitoka kwa wanawake, na maji yaliyomwosha mama mkwe hayawezi kumgusa mkwe.

Akiror akatoka majini papo hapo akawaamrisha wanawake wote watoke. Wakanung'unika, akawanung'unikia zaidi. Akawatafutia vibuyu na makopo, wakazoa maji ya kidimbwi wakayamwaga porini kwa upande mwingine, mpaka likabaki tope, na chemchemi ikaanza kujaza upya maji ambayo hayajamgusa mtu.

"Enda umwambie," akamwagiza Aidah, "maji iko safi. Mtu wa kazi pia aoge, hapa juu."

Kisha akajitanda shuka akaenda mwenyewe mpaka kwenye lori, asimcheleweshe mtu. Nyuma yake alisikia kishindo cha mtu mzito akiingia majini, na mguno mrefu wa raha.

Jioni lori lilifika Funyula. Anjeline, aliyesikia kwamba mama yake amepita na lori asubuhi, alikuwa amesimama kando ya barabara na mwanamke jirani wa kumsaidia kumbeba mama. Alikuwa amefagia chumba na kutandika. Alipomwona mama yake amesimama wima nyuma ya lori, ameshika ubao kwa mkono mmoja tu, alilikimbilia lori. Aidah akamsimulia yote palepale, jabali na fimbo na Uganda, huku abiria wakimsahihisha.

Anjeline akalia, akacheka, akapangusa pua.

"Kwa hivyo maji imekuponya, mama?"

"Maji ni tamu," akasema Akiror. "Lakini wakati nilifika kwa maji, nilikuwa nimeshapanda."

Akamwambia binti yake atakuja kumtembelea mavuno yakiisha, na kuku mkononi. Atakaa nje chini ya upenu wa jiko, atakula, ataondoka jua likiwa juu. Kuhusu mume wake, jina hatalitaja, Mungu apishe mbali. Ila kuanzia kesho soko zima la Malaba litajua binti wa Akiror ameolewa na mtu.

Edris akaweka gia. Akiror akapewa benchi akae, akasema amekaa vya kutosha tangu masika, na lori likashika njia ya kwao.