Chai ya Dirishani

Dirisha la kaunta ya ofisi ya kazi lilikatwa chini, usawa wa kitovu, na aliyelikata hakukosea vipimo. Ukitaka kusema na karani lazima uiname, shingo uipinde, mdomo uusogeze kwenye tundu la kioo, na makalio uiachie foleni nzima iyatazame. Juu ya dirisha palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: MTEJA NI MFALME. Sinia aliisoma kila alipofika, na kila alipoisoma aliguna.

"Lalamiko lako nimelisoma," karani alisema, macho yakiwa kwenye simu. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. "Kesi nzuri, mama. Haki unayo kabisa."

"Basi nigongee mhuri, mwanangu. Kesho ndiyo mwisho wa muda wangu."

"Mhuri upo. Mkono ndio umechoka." Akatabasamu. "Unajua, sisi humu ndani tunakunywa chai. Faili halitembei na njaa."

"Chai?"

"Chai, mama. Wewe si mgeni wa mjini."

Nyuma ya Sinia foleni ikajikohoza. Kila mtu pale alikuwa ameshaambiwa neno hilo, au alikuwa anasubiri kuambiwa. Sinia akajiinua, mgongo ukalia ko, akatoka bila kuaga. Kati ya maneno yote ya dunia, kijana huyu alikuwa amechagua lile lile lililomleta pale.

Jina la Sinia alipewa na wateja wa mgahawa, kwa sababu aliweza kubeba sinia la vyombo vya meza nzima begani, kwa mkono mmoja, huku akisukuma mlango wa jikoni kwa kiuno. Alianza kazi pale mgahawa ukiwa na meza nne. Mteja akishiba, akipenda alivyohudumiwa, huacha noti chini ya kisahani na kusema, "Dada, hiyo ya chai." Mshahara ulikuwa jina tu. Kilichowalisha wahudumu ni hiyo ya chai, na tajiri, mwenye mgahawa, alijua, ndiyo maana mshahara haukupanda hata siku moja. "Nyie mnalipwa na wateja," aliwajibu wakimwomba nyongeza.

Halafu hata hiyo akaionea wivu. Akaweka sanduku lenye kufuli pembeni ya kaunta, akatangaza kwamba kinachoachwa mezani chote kiingie humo, maana mteja anashukuru chakula, hashukuru miguu. Sanduku likala, likala. Hakuna mhudumu aliyeonja.

Siku moja mteja wa miaka mingi alimshika Sinia mkono, akamwekea noti kiganjani, akamkunja vidole yeye mwenyewe. "Hii si ya sanduku," alimwambia. Sinia akaitia kwenye aproni. Tajiri akampekua palepale, katikati ya meza, akaiinua noti juu kila mtu aione. "Mwizi wangu huyu hapa," akasema.

Alifukuzwa bila kulipwa mwezi wake, na hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni kwamba kila mgahawa alioenda kubisha hodi, mwenye nao alimpigia simu tajiri yule kwanza, akasikiliza, akakata, akasema nafasi hakuna. Wa mwisho alimwonea huruma. "Wanasema wewe mwizi, dada. Niletee karatasi ya ofisi ya kazi inayosema si mwizi, uanze siku hiyohiyo." Bila mhuri wa karani lalamiko halisikilizwi, na lisiposikilizwa karatasi haipo. Ndiyo habari yote.

Nyumbani alimkuta shangazi yake akiosha vikombe. Shangazi ndiye aliyemlea, kwa kuuza chai kwenye mageti ya viwanda, chupa ya moto kila mkono.

"Karani anataka nini?" shangazi aliuliza.

"Chai."

"Kiasi gani?"

"Hakusema. Kwa hiyo nimpikie ya kutosha."

Shangazi akaacha kuosha. Alimjua mtoto wa kaka yake tangu ananyonya, na sauti ile aliijua. "Wewe, usianze. Kesho ndiyo mwisho. Tafuta kidogo umpe, upate mhuri wako, hizo hasira uje umalizie hapa. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe apite wapi tena, shangazi? Kashapita kote. Mimi nimepewa chai baada ya kufanya kazi, nikaitwa mwizi. Huyu anaidai kabla hajafanya kazi, anaitwa mheshimiwa. Nikimpa, nimesema tajiri hakukosea."

"Umesema wapi? Watu wanatoa kila siku."

"Ndiyo maana inadaiwa kila siku."

Shangazi alikung'uta kikombe, akakiinamisha kwenye beseni. Alikuwa anaogopa, na mtu akimlea mtoto kwa chai ya mtaani ana haki ya kuogopa.

"Chukua ile chupa kubwa," alisema mwishowe. "Ile ndogo haishiki moto. Na sukari usibanie. Kama ni chai, iwe chai."

Asubuhi Sinia alivaa nguo zake za kazi: sketi nyeusi, shati jeupe, aproni iliyopigwa pasi. Akapanga vikombe na visahani kwenye sinia, akaweka chupa katikati, akalipandisha begani. Mlinzi wa mlangoni akamzuia kwa kiganja.

"Hiyo nini?"

"Chai ya karani."

"Aa, ya karani," mlinzi akasema, na kiganja kikashuka. "Pita. Ila na sisi wa mlangoni tunaishi."

Sinia akammiminia. Mlinzi akapokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani ya kikombe, kisha akakiinua akatazama chini yake, kama kuna kitu kimejificha. Hakikuwepo. Akakinywa hivyohivyo, uso umemshuka.

Sinia aliwahi, akawa wa kwanza kwenye foleni. Nyuma yake alisimama fundi mbao, mzee ambaye msumeno wa tajiri wake ulimkata vidole vitatu. Alikuwa anafuatilia fidia. Nyuma ya fundi alikuwa mama mmoja mwenye mwavuli, kisha wengine mpaka kwenye ngazi. Dirisha lilikuwa bado limefungwa. Na mtu aliyezoea kuhudumu hawezi kukaa na chai ya moto mbele ya watu wenye kiu. Akaanza na fundi.

"Karibu, mzee. Sukari hii hapa."

"Bei gani, binti yangu?"

"Leo kuna mtu kaagiza. Nyie kunyweni naye."

Vikombe vikatembea. Watu wakashikwa na joto lile, ndimi zikalegea. "Mimi aliniambia faili lina kiu," alisema mama wa mwavuli. "Afadhali wewe, mimi eti kalamu haina wino," akadakia mwingine. Fundi akasema yeye aliambiwa mhuri una baridi, unataka kupashwa, na akauliza kama mhuri nao una mifupa. Walicheka mpaka mlinzi akaja kutazama.

Bati la dirisha likapanda. Safari hii Sinia hakuinama. Aliweka sinia kwenye kaunta, akasimama wima, na karani akaona aproni tu.

"Nani huyo? Inama nikuone."

"Inama wewe, mwanangu. Mimi leo nipo kazini."

Karani akashusha kichwa mpaka shavu likakaribia kioo. Sinia akapitisha kikombe kwenye tundu, juu ya kisahani, kijiko upande wa kulia, leso ya karatasi imekunjwa pembetatu. Akatoa ile sauti yake ya mgahawani, laini, yenye kicheko ndani.

"Chai uliyoagiza jana, bosi. Ya moto. Kuna kingine unachohitaji?"

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Nyuma ya karani, makarani wengine wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Mama, unanichezea?"

"Sikuchezei. Uliniambia faili halitembei na njaa. Kunywa ushibe, unigongee mhuri."

"Unajua vizuri nilichosema."

"Ulisema chai, na mimi chai nimeleta. Kama ulitaka kitu kingine, kitaje kwa jina lake, hapa, watu wasikie. Mimi huko kazini kwangu niliitwa mwizi kwa jina. Na wewe taja."

"Taja," fundi akasema kutoka nyuma, si kwa sauti kubwa.

"Taja, kijana," akasema mama wa mwavuli.

Karani akafungua mdomo, akaufunga. Masikio yalimwiva. Kwa muda mfupi ilikuwa kama kweli atasema, au atagonga mhuri yaishe. Kisha karani akakivuta kikombe upande wake.

"Mtandao umekata," alisema. "Leo hatuhudumii mtu."

Bati likashuka.

Kicheko kilikufa hapohapo. Watu walilitazama bati, halafu sinia, halafu Sinia mwenyewe.

"Sasa ndiyo nini hii?" mama wa mwavuli akasema. "Na mimi mwisho wangu leo."

"Ungempa tu, dada," akasema mwingine. "Ungempa ukaenda zako. Umetufungia wote."

"Nimefunga mimi?" Sinia akauliza. "Hamkucheka nyie sasa hivi? Hamkumwambia ataje?"

"Tulicheka, ndiyo. Kicheko hakilipi kodi ya nyumba."

Sinia angeweza kuwatukana, na matusi alikuwa nayo, maana jikoni mwa mgahawa ni chuo. Lakini walikuwa watu wenye njaa ileile yake, na bado walikuwa wameshika vikombe vyake.

Fundi alimaliza chai yake yote. Akatia mkono uliobaki mzima mfukoni, akatoa noti iliyokunjwa mara nyingi, akaidondosha ndani ya kikombe kitupu. "Nisamehe, binti yangu," alisema bila kumtazama. "Vidole haviwezi kuota. Na fidia nayo nikiikosa leo, nimekosa vyote." Akampa kikombe mama wa mwavuli. Mama naye akatia. Kikapita mkono kwa mkono mpaka kwenye ngazi, kikarudi kimejaa kwa fundi, naye akakishikilia mbele ya Sinia ampelekee karani.

Chupa ilikuwa bado na chai. Mkono wake ulishafika kwenye kifuniko. Angemimina humo ndani, noti zote zilowe, karani apokee uji. Aliuona mkono wa fundi uliokishika kikombe, vidole viwili na makovu, na mkono wake mwenyewe ukatoka kwenye kifuniko.

Akachukua kikombe, akazitoa noti zote, akamwekea fundi kwenye kiganja. Akakipangusa kikombe kwa aproni, ndani na nje.

"Mkitaka kumpelekea, mpelekeeni kwa mikono," alisema. "Chombo changu hakibebi hiyo."

Fundi akagonga bati kwa kiwiko. Likapanda kidogo, mkono ukatoka, ukapokea, ukarudi. Likapanda lote. Kikombe cha karani kilikuwa pembeni ya faili, kitupu, sukari imeganda chini.

"Mtandao umerudi," karani alisema. "Wa kwanza."

"Mimi wa kwanza," Sinia akasema. "Na chai umekunywa. Gonga."

"Anayefuata."

"Umekunywa, mwanangu. Kikombe hicho hapo. Gonga."

"Anayefuata, nimesema."

Sinia aliushika ukingo wa kaunta, pale bati linapotua, kwa mikono yote miwili, akasimama wima, hakusogea. Fundi akasitasita. Akamtazama karani, akamtazama Sinia, kisha akajikunja akapita chini ya mkono wake mpaka kwenye tundu. "Samahani, binti," alisema akiwa huko chini. Mhuri ukagonga. Akaja mama wa mwavuli, naye akainama, akapita chini ya mkono uleule, samahani, mhuri. Wakaja wengine. Foleni nzima ilimpita hivyo, mmoja mmoja, kwa adabu, kama wateja wanavyompisha mhudumu aliyebeba vyombo vya moto, na kila mhuri ulipogonga aliusikia ukipanda kutoka kwenye mbao za kaunta mpaka kwenye viganja vyake.

Alibaki peke yake.

"Mama, muda umekwisha," karani alisema. "Tunafunga."

"Bado kuna mteja," Sinia akasema.

Karani akausimamisha mhuri kwenye kikasha chake, akanyoosha mkono juu, akalivuta bati. Lilishuka polepole, likilia, mpaka likafika kwenye vidole vya Sinia na kuvikalia. Hakuvitoa. Upande wa ndani, karani akaongeza uzito.